Madirisha ya Chumba cha Uzazi

Sanaa, Januari 29

Dada yangu mpenzi Huria,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Mwanao Luay, niliyekuzalia, ananyonya vizuri na ana sauti ya muuza mboga. Nakuandikia kwa sababu simu ya nyumba hii inakaa mfukoni mwa mama mkwe, na kila ninalokuambia analisikia.

Mambo ya arobaini ya uzazi unayajua. Nimeketishwa juu ya kitanda kirefu, na kila alasiri wanawake wa mtaa wanajaa chumbani. Madirisha yamefungwa, nyufa zimezibwa kwa vitambaa, eti upepo usitupige mimi na mtoto. Mirungi inatafunwa, shisha moja inazunguka, mrija ule ule kinywa kwa kinywa. Mama Takiya, mkwe wangu, anakaa ubavuni mwangu, anakohoa. Katika daftari langu la kumbukumbu kikohozi hicho kimeandikwa tangu Novemba. Wakati ule alisema ni vumbi. Ana sukari, na tangu vita amekuwa akiishi kwa mkate na chai.

Tarehe ishirini mume wangu Yahya alimpeleka kituo cha afya. Waliporudi, mkwe alitangaza kuwa ni baridi tu, na kwamba madaktari wa siku hizi wanazaliwa na miwani. Lakini Yahya aliponiletea supu alininong'oneza kwamba mama yake ana kifua kikuu na amepewa dawa za miezi sita. Muuguzi alisema madirisha yafunguliwe, mama alale peke yake na afunike mdomo mpaka aambiwe haambukizi tena, na sisi wote tukapimwe, mtoto kwanza, maana kuna dawa ya kumkinga. Nilipouliza tunakwenda lini, alisema baada ya harusi ya dada yake Afrah. Wakwe wa Afrah wakisikia, uchumba utavunjika.

Niliomba lifunguliwe hata dirisha moja. Mkwe akaniuliza mbele ya wageni kama nimezaa mtoto au gunia la maharage la kuanikwa. Walicheka mpaka mirungi ikawapalia. Aliyecheka zaidi ni Husna, jirani mwenye mimba changa, na mkononi alikuwa na mrija uliotoka tu kinywani mwa mkwe.

Jana nilishindwa. Niliutaja ugonjwa ule kwa sauti, wote wakisikia. Mkwe akanishika paji la uso, kwa upole kabisa, akasema, "Maskini binti yangu, homa ya uzazi imempanda kichwani." Wakanisomea, wakanifukizia ubani, wakaongeza blanketi dirishani. Husna peke yake aliuweka mrija chini. Leo asubuhi alikuja akisingizia kurudisha sinia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Yeye ndiye atakayempa dereva wa basi la huko kwenu Dhamar barua hii. Yahya hanitazami tena, na mlango wa chini sasa unafungwa kwa ufunguo kila mgeni akishatoka.

Dada, sasa nikuambie jambo ambalo hata Yahya halijui. Na mimi ninakohoa. Ni wiki ya pili sasa, najizuia kwa ncha ya shuka. Homa aliyoipapasa mkwe jana ilikuwepo kweli.

Jumapili arobaini inatimia, na mlango utakuwa wazi kwa kila mgeni. Njoo. Usilete zawadi. Vaa baibui lako pana. Nyimbo zikianza nitakupa Luay umpakate, kama mama mkubwa yeyote, kisha shuka naye ngazi uende kituo cha afya, bila kuomba ruhusa ya mtu. Mweleze muuguzi yote, na kikohozi changu pia. Mimi siwezi kutoka. Macho yote yatakuwa kitandani. Nitalaza mto chini ya blanketi, na atakayeuliza nitamwambia mtoto amelala.

Nisalimie shemeji, na unibusie wanao mmoja mmoja. Mungu akulinde njiani.

Mdogo wako akupendaye,
Ibtihal