Tarehe ya Kutoka kwa Gavana

Jumatatu, 9 Februari
Ubao wa magavana wa jimbo umebakiza majina mawili. Safu tatu: jina, kuingia, kutoka. Rangi nyeupe juu ya mbao nyeusi. Wa tatu alikaa miezi minne tu. Wa tano alitoka, akarudi kuwa wa saba. Ustaz Lado, mtunza kumbukumbu wa ofisi, ananisomea tarehe kutoka faili zake, mimi napaka. Gavana wa sasa hana tarehe ya kutoka. Ijumaa atakuja mwenyewe ukumbini kuuzindua.

Jumanne, 10 Februari
Asubuhi kwa mama chai, hapa mtaani Hai Cinema, habari ni moja: jana jioni amri ya rais imesomwa kwenye televisheni, gavana ametolewa. Huku ndivyo wanavyotolewa, hata wenyewe husikia pamoja na sisi. Lado hayupo, yuko matangani mtaa wa Lemon Gaba. Nikajaza mwenyewe: 9 Februari. Ubao umetundikwa, ukumbi umefungwa. Kazi safi, najisifu.

Jumatano, 11 Februari
Kiherehere changu! Aliyetolewa ni wa jimbo jirani. Jenereta ya mama chai ilizimika katikati ya amri, watu wakaimalizia wenyewe. Nami nikaiandika kwa rangi ya mafuta.

Lado amekuja dukani kwangu mbio, ananong'ona: Kumwandikia gavana aliye kitini siku ya kutoka! Watauliza nani katutuma. Ufunguo wa ukumbi uko kwa walinzi, na hawamfungulii mtu mpaka Ijumaa.

Alhamisi, 12 Februari
Sijala. Pasipoti nimeificha kifuani. Basi la Nimule, mpakani, linaondoka alfajiri, mchana ningekuwa Uganda, kesho kutwa nyumbani Kenya. Lakini Lado ni mtu wa hapa, ana watoto watano. Atakimbilia wapi? Nikiondoka, lawama yote yake. Naogopa, jamani. Naogopa vibaya.

Jioni. Amri imesomwa. Safari hii niliisikiliza mpaka mwisho: ni gavana wetu. Nilipiga magoti nikashukuru, Mungu anisamehe. Halafu Lado akapiga simu, akanikumbusha kwa sauti ya chini. Ubaoni nimeandika tarehe tisa. Ametolewa tarehe kumi na mbili. Sasa watauliza tulijuaje siku tatu kabla.

Ijumaa, 13 Februari
Ukumbi ulipofunguliwa na ubao kuonekana, wamekuja wawili wa usalama, mashati yamepigwa pasi vizuri. Wamechukua simu na pasipoti. Nani alikuambia? Watu kwa mama chai. Nao waliambiwa na nani? Jenereta ilizimika, nikasema. Hawakucheka.

Mke wa Lado alikuja kuniuliza mumewe yuko wapi. Amechukuliwa tangu asubuhi.

Jumamosi, 14 Februari
Sijafungua duka. Gari likisimama nje, nachungulia pazia.

Jumapili, 15 Februari
Wamenipeleka ukumbini. Lado alikuwa mlangoni. Shati chafu, macho mekundu, lakini mzima. Mama chai na wateja wake wamehojiwa mmoja mmoja, maneno yamelingana. Khalas, yamekwisha, wametuachia.

Nimekwangua tisa kwa wembe, nikaandika kumi na mbili. Chini yake nikaandika jina la gavana mpya na siku yake ya kuingia. Mkubwa wao alisimama nyuma yangu muda wote. Nilipofunga kopo la rangi alinipa pasipoti, akainama, akaniuliza polepole wenzake wasisikie: na huyu je, dada, atatoka lini?

Nikasema sijui. Nilidhani ni mtego, nikamtazama usoni. Alikuwa anauliza kweli.