Mashindano Uliyoyaacha, Nyar Rangwe

Nyar Rangwe, mke mwenzangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni kwangu. Nyumba yako iko mbele yangu, imefungwa, na wewe umelala hapo kando yake. Boma zima ni mimi na kuku.

Unakumbuka watu walivyongoja tugombane mume wetu alipofariki? Badala yake ulikuja asubuhi ukasema, "Nyar Osiri, leta kikombe chako huku. Mimi siwezi kunywa chai na ukuta." Miaka yote hiyo tukanywa pamoja. Sasa ni mimi ninayekunywa na ukuta.

Hatujakaa sana baada ya kukuzika, mwenyekiti wa ufuo akatuita akina mama. Akatangaza kwamba yale mashindano ya mashua za matanga ya wanawake, kule Homa Bay mjini, bado yapo. Mama Brian akaruka: "Matanga gani tena? Ya Nyar Rangwe hata hatujamaliza!" Watu wakacheka, kisha wakaniangalia. Mimi pia nilicheka. Niligeuka nione kama umesikia.

Tukakubaliana tuendelee. Shida ilikuwa nani ashike usukani wako. Risper, yule wa kukaanga samaki, akasema ni mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa nakaa karibu nawe mashuani. Nilikataa. Mimi ni mtoto wa machimbo. Kwetu Osiri tunaosha mchanga tukitafuta dhahabu, na maji yakifika magotini yanatosha. Halafu mashuani kazi yangu ilikuwa kamba ya tanga tu. Ziwa sikuliangalia, nilikusikiliza wewe. Ukisema "Ywa!" navuta. Ukisema "Gony!" nalegeza. Hayo ndiyo niliyoyajua.

Hawakunisikiza, wakanikalisha nyuma.

Siku ya kwanza nilitutia aibu. Upepo ulikuja kutoka upande wa mlima, nikauona ukikunja maji, na la kufanya nikalijua. Lakini mdomo haukufunguka. Nilikuwa nangoja sauti yako. Tanga likajaa, mashua ikalala upande, tukaingia kwenye magugu na kukwama huko. Mama Brian alitoa majani kichwani, akasema, "Nyar Osiri, sisi si malaika. Usiposema, tutajuaje?"

Nilirudi nyumbani nikiwaza neno hilo. Ndipo nikagundua kwamba kabla ya kwenda mazoezini nilikuwa sijatamka kitu tangu niamke. Wewe ndiye uliyekuwa ukiongea kwa ajili yetu wawili. Ulijibu wageni, ukakemea mbuzi, ukabishana na redio mpaka nikakuomba uizime. Ulipoondoka, nilibaki na kimya ambacho sikujua kama ni changu.

Basi nikaanza mazoezi yangu peke yangu. Asubuhi nikifagia uwanja, napaza sauti: "Vuta! Legeza! Inama!" Kuku wanatawanyika. Siku ya tatu jirani yetu Mama Auma akaja mbio, Biblia kwapani, akaniuliza polepole kama nimekula. Nikamweleza kwamba najifunza kuongoza mashua. Akasema, "Sawa, mama, sawa," kwa ile sauti ya kubembeleza mgonjwa. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike ukuta.

Mashuani sauti ilianza nyembamba. Risper akawa ananiambia, "Tena." Nikiita, anasema, "Tena. Mimi niko huku mbele, siko mfukoni mwako." Tukaenda hivyo, jioni baada ya jioni, tukigeuka kwenye boya na kurudi, mikono ikichubuka kwa kamba.

Halafu siku moja tukiwa mbali, upepo uligeuka ghafla. Nikaita, "Gony!" Wakalegeza hata kabla mimi mwenyewe sijajua kwamba nimeita. Mashua ikainuka, ikakaa sawa. Mama Brian akawa anachota maji huku machozi yakimtoka, akisema ni jua. Nilitamani mmoja wao aniambie kwamba nimefanana na wewe. Hakuna aliyesema, kwa sababu sikufanana. Ilikuwa sauti yangu. Hapo ndipo nilipojua kabisa kwamba umekufa.

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Hatukushinda, Nyar Rangwe. Akina mama wa kisiwani walitutangulia, na wengine pia. Tulikuwa wa tatu. Ungekasirika, najua, ungesema tuligeuka kwa kuchelewa kwenye boya la mwisho, na ni kweli. Lakini hatukupinduka, wala hatukupotea kwenye magugu, na mwenyekiti alitupigia makofi.

Tulipofika nchi kavu, watoto wa Mama Brian walimrukia hata akaanguka. Mume wa Risper alimbebea viatu. Mimi nilibaki kukunja tanga lililolowa. Walitaka kunisaidia, nikawaambia waende. Nilikunja taratibu, kwa sababu likiisha nilikuwa sina pengine pa kwenda isipokuwa nyumbani. Na nilipofika langoni nikapiga hodi. Kwenye boma langu mwenyewe. Nikasimama kidogo, halafu nikaingia.

Binti yako Achieng amenipigia simu. Ananiita mama mdogo, anataka nikakae naye Nairobi ili nisiwe peke yangu. Nimemshukuru, nimekataa. Risper anataka tushindane tena mwaka ujao, na hilo nimelikubali. Usukani nitashika mimi.

Siwezi kukudanganya kwamba nitazoea. Ninachokuahidi ni kimoja: mlango wako hautaoza ukiwa umefungwa. Kesho nitausukuma, niisiribe sakafu kwa udongo, nifungue na dirisha. Nitakuwa nafanya hivyo kila asubuhi, hata kama hakuna atakayetoka.

Oriti, kwaheri, Nyar Rangwe. Lala vizuri.

Wako,
Nyar Osiri