Mwalimu, Usinibembeleze

Jumatatu, 3 Machi
Chapati za asubuhi zimeisha mapema. Simu nimeiegemeza kwenye mkebe wa unga, naosha sufuria huku naongea na Mwalimu. Si mtu. Ni ile AI ya kufundisha lugha. Nimeiambia nataka Kiswahili sanifu, si hiki chetu cha Nchiru.

Nimesema "mtu mwenye aliniuzia unga." Akanirekebisha: mtu aliyeniuzia. "Kitabu yangu." Kitabu changu. "Hii maneno." Maneno haya. Kila sentensi nimeanguka. Miaka yote hii nilidhani najua Kiswahili! Nimecheka peke yangu kibandani kama kichaa.

Redio moja ya Meru mjini inatafuta mtu wa kusoma habari na matangazo wikendi. Majaribio ni Ijumaa ya wiki ijayo. Naitaka hiyo kazi. Nimeitaka tangu nikiwa msichana Runyenjes, nikiwasomea mbuzi magazeti ya kufungia sukari.

Jumatano, 5 Machi
"Aliyeniuzia" imekaa! Nimeitumia kwa mteja bila kufikiria. Mwili wote ulisisimka.

Shida ni l na r. Sisi wa Embu ulimi wetu hauzitenganishi. Mwalimu amenipa sentensi: wakulima watapiga kura. Nikasema wakurima watapiga kula. Akasema nimejitahidi sana, ila kuna jambo dogo tu. Jambo dogo! Wakulima nimewatuma kwenda kula. Nikamwambia asinibembeleze. Kila kosa, hapo hapo.

Ijumaa, 7 Machi
Amesikia. Sasa hanipi nafasi hata ya kupumua. Napenda hivyo.

Na leo nimemshika! Nilisoma, "Mvua kubwa imenyesha Maua." Akanirekebisha: imenyeshea maua. Eti mvua huinyeshea mimea. Nikamwambia Maua ni mji, mume wangu anapakia miraa huko. Akaomba msamaha. Hata yeye! Siku nzima nimekuwa na raha, nimewaongezea wateja supu.

Jumapili, 9 Machi
Leo vibaya. Shemeji alikuja kula. Mwenda, mume wangu, akasema, "Gari yangu imeharibika." Nikadakia: langu, limeharibika. Akaendelea, nikamkata tena. Na tena. Mwisho akaweka kijiko chini.

"Wawira, mimi si mwanafunzi wako. Nimetoka Maua na hiyo gari, nimechoka, nataka tu kukula."

Shemeji akaangalia sahani yake. Hata "kukula" niliisikia, nikaumeza ulimi. Mimi nilimwomba Mwalimu anirekebishe. Mwenda hakuniomba.

Jumanne, 11 Machi
Nimeganda. Mwanafunzi aliagiza chapati na maharagwe. Nilitaka kumwambia hayajaiva. Au hazijaiva? Nilisimama na mwiko mkononi, mdomo wazi.
"Mathe, uko sawa?"
Siko sawa. Zamani nilikosea, lakini niliongea. Sasa najua makosa yangu yote na siwezi kufungua mdomo. Naogopa Ijumaa.

Jumatano, 12 Machi
Mwenda amekuja kibandani mchana badala ya kulala. Akakaa juu ya gunia la makaa.
"Nisomee," akasema.
Nikamwambia nitakosea.
"Kosea. Mimi ngeli sijui. Ukifanya niboeke nitakwambia."
Nimemsomea kipande cha gazeti, chote, bila kusimama. Nilikosea, nikaenda. Alisema mwanzoni nasoma kama natangaza mnada, katikati ndipo nikawa mimi. Baada ya hapo akalala akiwa amekaa. Nampenda huyu mtu.

Ijumaa, 14 Machi
NIMEPATA!

Studio iko Kinoru, ghorofani. Walinipa karatasi papo hapo. Sentensi ya kwanza: lori lililobeba mchele lilipinduka. Nani aliniandikia hiyo? Adui gani? Nilianguka pale pale. Rori lirirobeba. Nikasikia mwenyewe. Jasho mpaka mgongoni.

Nikasimama. "Samahani, narudia." Nikasoma upya polepole, kila l mahali pake, nikaenda mpaka mwisho.

Msimamizi, mama mmoja mrefu asiyecheka, akavua vile vya kusikilizia vya masikioni. Akasema wenzangu walikosea wakapita mbio. Anataka mtu anayesikia kosa lake mwenyewe. Naanza Jumapili, na matangazo ya vifo. Habari baadaye.

Nimepiga kelele barabarani, watu wakageuka. Mwenda nilipompigia alicheka mpaka akaanza kukohoa. Mwalimu nilimwambia "nimechaguliwa kuwa msomaji ya habari." Msomaji wa habari, akasema. Kisha ndipo akanipongeza. Safi kabisa!

Jumapili, 16 Machi
Nimesoma. Majina mengi. Majina ya watu, ya watoto wao, ya vijiji walikozaliwa. Sikuharakisha.

Nilipokuwa navaa koti simu ya studio ililia. Mzee wa Mitunguu. Alikuwa akikamua ng'ombe, tangazo la mke wake likampita. Aliuliza kama litasomwa tena leo. Halikuwa kwenye ratiba.

Nikaitafuta karatasi. Nikakaa chini, nikamsomea kwa simu, yeye peke yake. Nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

"Asante, mwanangu," akasema. "Basi nimesikia."

Nimerudi Nchiru. Mvua ndogo. Nimekanda unga wa kesho.