Njaa Haikuiua, Mama

Mwaitu, mama yangu,

Ni mimi Kasyoka, yule mbishi wako. Nakuandikia nikiwa maabara hapa Nairobi, na mkubwa wangu akinipata atanung'unika. Anung'unike tu.

Huko nyumbani Nuu mtaro wa shamba la juu ulibomoka, kaka ameujenga upya. Yule mbuzi wako mwizi bado yuko, ati Jumapili aliingia mpaka kanisani. Nami, mtoto uliyesema hawezi kutulia dakika tano, nashinda nimeinamia hadubini nikichunguza seli za kansa.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Ulipougua kansa ya tumbo ulikataa chakula. Ulisema, "Nikila, ninakilisha hiki kidude. Wacha kife njaa." Nikakukasirikia. Nilikushika kidevu nikakunywesha uji wa wimbi, kijiko kwa kijiko, nawe ukinitazama tu. Wiki mbili baadaye tukakuzika. Miaka yote hii, Mama, nimeamini ni mimi niliyekilisha. Haki nimelibeba jambo hilo mpaka nikachoka.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita tuliziweka seli za kansa kwenye visahani, tukazinyima chakula. Nikafurahi, nikaziambia leo mtanikoma. Kesho yake nikachungulia nikitarajia zimekufa zote. Wapi! Nyingi zilikuwa hai. Zilikuwa zinamega sehemu zao chakavu za ndani na kuzila, kama sisi tulivyochoma nguzo za ghala kuukuu tupate kupika, ile njaa ya themanini na nne. Nilipozirudishia chakula, zikaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nililia pale pale, mkubwa akadhani nimemwaga dawa. Kujinyima hakungekuponya, Mama. Aliyekuwa akiisha ni wewe, si hicho kidude. Na ule uji ndio uliokupa nguvu ya kuniita jina asubuhi ile ya mwisho.

Nakuambia leo kwa sababu dada yako Syombua amepata uvimbe kwenye titi. Usishtuke. Umeonekana mapema, daktari anasema watautoa na matumaini ni mazuri. Shida ni kwamba ameanza kusukuma sahani, anasema anafanya kama dada yake.

Sisi hapa tunatafuta njia ya kuzizuia seli hizi zisijile, ili dawa izimalize. Ni kazi ya miaka, na siwezi kukuahidi kwamba ni mimi nitakayeifikisha mwisho. Ninachokuahidi ni hiki: Jumamosi nafika Nuu. Nitakaa na Syombua jikoni, nimweleze yote niliyoyaona, na nimpikie. Nataka aingie hospitali kwa miguu yake mwenyewe, mashavu yamejaa, akilalamika kwamba nimemlisha kama ng'ombe wa mnada.

Kwaheri, Mwaitu. Wewe pumzika. Huyu niachie mimi.

Kasyoka