Sindano ya Miezi Mitatu

Jumanne, 6 Mei 2025

Nimechomwa. Mkono wa kushoto, karibu na bega. Muuguzi kaandika kwenye kadi: kurudi 29 Julai. Ikishaingia haitoki, inakaa mwilini miezi mitatu.

Miaka kumi na moja naumwa tumbo kila mwezi, naambiwa ni chango. Mwaka huu ndiyo wameniingiza kamera tumboni, Dar, wakaona: nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi imeota nje yake. Endometriosis. Sindano ni ileile ya uzazi wa mpango, ila kwangu ni ya kuzituliza hizo nyama. Nimeuliza madhara. Kasema, utanenepa kidogo, na matone ya damu. Basi.

Ridhiwani kapiga simu kutoka Makurunge — anaendesha trekta kwenye miwa, nyumbani huja Ijumaa. Kauliza, tumwambie mama? Nimesema bado. Tunaishi na mama yake, na ndoa ina miaka minne, anangoja mjukuu.

Jumapili, 25 Mei

Siku zangu zimefika na sina kitu! Matone tu. Mwezi uliopita nilikuwa sakafuni, nimeuma kanga. Leo nimewazungusha wageni magofuni Kaole mara tatu, na kucheka nimecheka. Bwanausi, mwongoza wageni mwenzangu, mtu mzima, kaniuliza leo nimekula nini. Alhamdulillahi.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nyumba imejaa. Nimepika, nimepakua, nimebusu watoto wa watu. Yote kama sherehe ya jirani. Tumbo haliumi. Uchovu, labda.

Alhamisi, 12 Juni

Aibu! Wanachuo kutoka Morogoro, thelathini hivi. Nimefika kwenye makaburi, maelezo ninayoyajua kwa moyo — nikaanza kulia. Si kwa ajili ya makaburi. Si kwa ajili ya chochote. Bwanausi akamalizia ziara. Baadaye kaniletea maji. "Mwanangu, kama kuna msiba, sema."

Nikamwambia hakuna msiba.

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Jumatatu, 30 Juni

Sikwenda kazini. Sikuoga. Maumivu ya tumbo: hakuna.

Ijumaa, 4 Julai

Mama mkwe ameiona kadi. Alikuwa anatafuta mkasi kwenye droo yangu, anasema. Sindano hiyo anaijua, nani asiyeijua. Kamngoja Ridhiwani atoke msikitini, hata kofia hajavua: "Mkeo anazuia uzazi, nawe umekaa tu!" Ridhiwani akasema anajua, ni dawa. Mama akauliza, dawa gani ya mtu asiyeumwa?

Kweli. Siku hizi siumwi.

Nimemjibu vibaya. Nimerusha sufuria, na wali ndani. Mimi, ambaye sijawahi kumpandishia sauti mtu mzima tangu nizaliwe. Ridhiwani kaokota wali. Halafu kasema, "Zuhura, wewe hukuwa hivi." Nilitaka kumuuliza, tangu lini?

Jumatano, 16 Julai

Naandika haraka, nisije nikajifichia mwenyewe.

Asubuhi nachambua mchele. Likaja wazo: nisingekuwepo wangepumzika wote. Halikuja na kilio. Limekuja kama mtu anavyokumbuka kuwa chumvi imekwisha. Nikaendelea kuchambua. Kisha ndiyo nikaogopa — mikono ikaniganda kwenye ungo.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo wa mwaka. Hadi 6 Mei nalia kwa maumivu, yakipoa nacheka. Baada ya hapo maumivu hakuna, na kicheko nacho kimekwenda. Mbona sikuliona?

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda kwa Alifiya, duka la dawa. Tulisoma pamoja shule ya msingi. Duka lilikuwa la babu yake. Nikangoja mteja atoke. Tumbo hakuliuliza. Kaniuliza, "Unalala? Unakula?" Nikasema yote, hata lile la mchele.

Kafunga mlango wa duka — saa nne asubuhi! Katoa karatasi ya ndani ya boksi la sindano, tukaisoma vichwa vimegusana. Huzuni. Sonona. Herufi ndogo kama sisimizi, lakini ipo.

"Sikwambii ni hiyo kwa hakika," kasema. "Daktari ndiye wa kusema. Ila tarehe 29 usiingoje. Kesho. Na leo hukai peke yako, unashinda hapa na mimi."

Nimeshinda. Nimempangia miswaki kwenye shelfu. Nimempigia Ridhiwani aje twende wote. Kwa nini, sikumwambia.

Ijumaa, 18 Julai

Hospitali. Nimetoka kwa daktari, niko kwenye benchi nje ya chumba chake.

Alianza vizuri. Maumivu? Hayapo. "Basi dawa imekukubali. Tarehe 29 tunarudia." Akashika kalamu. Nikamwambia, daktari, kabla hujaandika, nisikilize. Kasema wanawake wengi huwa na mawazo wakikosa mtoto, ni kawaida. Nikafungua daftari, nikamsomea. Tarehe moja moja. Nikafika 16 Julai, nikaisoma yote.

Ridhiwani alikuwa kiti cha pili. Alikuwa hajui.

Daktari kaweka kalamu chini.

Ndipo akasema inawezekana kabisa ni homoni. Dawa iliyomo mwilini hawawezi kuitoa, itaisha yenyewe, pengine baada ya wiki kadhaa. Tusirudie — lakini maumivu yanaweza kurudi. Kuna vidonge vya kila siku, hivyo mtu anaweza kuviacha vikimkataa, ila navyo ni homoni. La kwanza, nimwone daktari wa afya ya akili, jengo la nyuma. Leo hii. Muuguzi atanipeleka.

Maumivu siyataki. Na hali hii siitaki. Nimemwambia hivyo hivyo, na yeye kaitikia kwa kichwa, hakunicheka.

Ridhiwani yuko uani, anazungumza na mama yake kwenye simu. Namsikia. "Hapana, Mama. Nisikilize kwanza. Mambo ya mtoto yaache. Nusura tumzike, Mama, na mimi nilikuwa sijui." Kavua kofia, anajifutia uso. "Sasa mimi nitamwambiaje? Mwambie wewe."

Anakuja. Simu kainyoosha mbele, macho mekundu. Anasema Mama anataka kuongea na mimi.

Muuguzi kashika mlango, anaita jina langu. Simu iko hewani, naisikia pumzi ya Mama. Nafunga daftari, naipokea, namfuata muuguzi.