KON, Nafasi ya Kwanza Hadi ya Kumi

Jumamosi, Rebero. Mvua imenyesha tangu asubuhi, nami nimekasirika. Naomba radhi kwa kuanza hivi. Mapadri walionilea shuleni walitufundisha kwamba muungwana haandiki akiwa na hasira. Leo nimeshindwa.

Sebuleni kwangu kuna kabati la michezo ya video, lile refu lenye kioo, mpini na vitufe, kama yaliyokuwa zamani kwenye kumbi za starehe. Ndani yake kulikuwa na bodi moja ya elektroniki, ndiyo ubongo wa kabati, yenye michezo sitini. Marehemu mke wangu, Konsolata, alicheza mmoja tu: ule wa kufyatulia wadudu wanaoshuka kutoka juu. Mwaka wake wa mwisho, ugonjwa ulipomzuia kutoka nyumbani, aliucheza kila siku baada ya kumeza dawa. Bodi ile huhifadhi alama kumi za juu kabisa, pamoja na herufi tatu za mchezaji. Zote kumi ziliandikwa KON.

Kabati likikaa bila mchezaji, orodha ile hujitokeza yenyewe. Nilikuwa nikiisalimu nipitapo na chai yangu.

Juzi kitufe kimoja kilikwama. Nikamwita fundi Deo wa Gahanga, nikamwacha kazini, nikaenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Niliporudi, kitufe kilikuwa kimepona na bodi ilikuwa nyingine.

"Muzehe, nimekupa zawadi! Hii iko na michezo elfu tatu. Ile ya zamani nimeitoa, ilikuwa imechoka."

Imechoka! Nani alimwomba? Ni zawadi gani hiyo inayoanza kwa kumnyang'anya mtu chake?

Nami nikasema asante.

Kwetu zawadi haikataliwi mbele ya aliyeileta. Nilimpa mkono, nikamsindikiza hadi barabarani kama mgeni wa heshima, na bodi ya Konsolata ikiwa ndani ya mkoba wake.

Leo asubuhi nimempigia simu. Nilimsalimu, nikauliza habari za wazazi, za watoto, za mvua ya Gahanga, nikazunguka kama mtu aliyekuja kuposa. Mwishowe nikauliza bodi iko wapi.

"Iko hapa, muzehe. Kuna mutu wa Kimihurura ataichukua Jumatatu. Leo jioni nafuta kila kitu, aipate safi."

"Usijali," nikajibu. "Samahani kwa usumbufu."

Usijali! Miaka yote hii ya adabu, na kumbe ilikuwa ikiniandaa kumwacha mke wangu afutwe kwa ruhusa yangu mwenyewe.

Nikapiga tena. Sikumsalimu. "Deo, usiifute. KON ni mke wangu."

"Ni maman? Yesu wangu! Tangu juzi najaribu kumushinda. Nimepata nafasi ya kumi tu, na vidole vinaniuma."

Kwa hiyo sasa ni KON tisa na DEO mmoja. Alitumaini nitacheka. Sikucheka.

Kesho baada ya misa nitakwenda Gahanga kuichukua bodi yangu, na akinikaribisha kiti nitabaki nimesimama. Michezo yake elfu tatu atajua pa kuipeleka. Kisha nitarudi nyumbani nishike mpini. Mchezo ule sijawahi kuucheza; Konsolata alicheza, mimi nilimshikia kikombe cha maji. Lakini huyo DEO ataondoka hapo, hata ikinichukua hadi Pasaka.