Michongoma Iliyong'olewa Januari

Baba Bochaberi,

~~Uji uko kwenye sufuria.~~ Uji nimempa ndama. Jipikie.

Nimeenda kwa mama yangu kule Manga kuomba mbegu nyingine za michongoma. Ile miche michache iliyobaki kitaluni usiiguse. Huhamishwa mvua za Machi zikishika, jioni, pamoja na udongo wake. Wewe ile mingine uliing'oa Ijumaa, jua likiwa utosini, ukaipanga kando ya njia ili wageni wa kanisa wasifu boma lako. Jana nilipochota maji niimwagilie, ukaniambia ni Sabato, niache kazi. Asubuhi hii nimeikuta imekauka kama ugoro. Mwaka mzima niliilea. Hata kukutazama kunanichefua.

Na jana hiyohiyo, ng'ombe wako uliwapeleka mtoni wewe mwenyewe wakanywe.

Mama Bochaberi